Wakili Kutoka Baltimore

Nilipowaambia wanachama wenzangu kwamba mwaka huu nitaandika maisha ya Thurgood Marshall, walinicheka. Mmoja ameshamchukua Mekatilili wa Menza, mwengine Muyaka bin Haji, nami natokea na Mmarekani! Lakini mimi ni mzaliwa wa Ndia Kuu, na habari za bwana huyu zinafika mpaka mlangoni kwetu. Hebu nisomeni kwanza.

Marshall alizaliwa tarehe 2 Julai 1908 mjini Baltimore, mji wa bandari kama huu wetu. Babake alifanya kazi ya kuhudumu kwenye mabehewa ya chakula ya gari la moshi, na mamake alikuwa mwalimu. Shuleni alikuwa mtundu kwelikweli (ndugu zangu wa kidato cha pili, sikilizeni hapa). Mwalimu mkuu alikuwa na adhabu yake: mtundu huteremshwa chumba cha chini akasome Katiba ya Marekani mpaka imuingie kichwani. Basi kwa wingi wa utundu wake, Marshall alimaliza shule karibu ameihifadhi yote. Katiba ile iliahidi kila mtu ulinzi sawa wa sheria. Nje ya dirisha mambo yalikuwa mengine kabisa.

Chuo Kikuu cha Maryland, pale pale kwao, hakikuwa kikiwapokea weusi kusomea sheria. Akaenda Howard, Washington, akamaliza mwaka 1933 akiwa wa kwanza katika darasa lake. Haikupita miaka mitatu, akarudi na kesi, na mahakama ikakilazimisha chuo kile kile cha Maryland kumpokea mwanafunzi mweusi. Mimi hapo nilicheka peke yangu maktabani.

Miaka iliyofuata alikuwa wakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Alizunguka majimbo ya kusini, na mwaka 1946 huko Columbia, Tennessee, aliponea chupuchupu kuuawa na wazungu. Ushindi wake mkubwa ulikuja tarehe 17 Mei 1954, pale Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi zao ni kinyume cha katiba. Kwa jumla alisimama mbele ya mahakama hiyo kwa kesi 32, akashinda 29.

Sasa tuje kwetu. Viongozi wa Kiafrika wa Kenya walikuwa wakijitayarisha kwenda London kujadili katiba mpya. Tom Mboya, aliyekuwa na marafiki wengi Marekani, akamwomba Marshall awe mshauri wao. Alifika Nairobi Januari 1960, mwezi ambao hali ya hatari ya tangu 1952 ndiyo kwanza inaondolewa, na Kenyatta bado yuko kizuizini. Alipokwenda Kiambu kwenye mkutano, afisa wa serikali akamzuia asiingie. Mwenyewe alipenda kusimulia yaliyofuata: aliombewa ruhusa awasalimie watu kwa neno moja tu. Ruhusa ikatoka, akapanda juu ya gari, na neno lenyewe likawa ni uhuru. Umati ulilipuka kwa shangwe, na afisa ashatoa ruhusa, atafanya nini?

Mkutano wa London ulifunguliwa tarehe 18 Januari katika jumba la Lancaster. Kiongozi wa ujumbe wa Kiafrika alikuwa Ronald Ngala, mwalimu na mwana wa Pwani hii hii. Marshall akapewa kazi ya kuandika rasimu ya Sheria ya Haki.

Hapo ndipo aliponishika. Maisha yake yote alikuwa amewatetea wachache wanaoonewa na wengi. Kenya mambo yamegeuka: weusi ndio wengi, na wako karibu kushika serikali. Wachache ni Wazungu na Wahindi, na kati yao wamo waliokuwa wakionea. Angeweza kuandika ya wateja wake tu, akapanda ndege. Lakini aliandika haki ya elimu, afya na kazi, na akaandika pia kwamba mali ya mtu, awe nani, isichukuliwe bila sheria na fidia ya haki, na aliyedhulumiwa aweze kwenda mahakamani.

Sitaki kuficha kwamba jambo hili lina utata. Mashamba ya walowezi yalichukuliwa kwa wenyewe, na ulinzi wa mali ulimaanisha kwamba mwenye ardhi ya asili atainunua ardhi ya babu zake. Nimejadiliana na mwalimu wetu juu ya hili vipindi viwili na hatukukubaliana. Tena si maneno ya Marshall yote yaliyopita. Katiba ya uhuru ilifuata zaidi mfano wa Nigeria.

Mwaka 1963 alirudi Kenya, na hofu ya wafanyabiashara wa Kihindi ikawa miongoni mwa mambo aliyoyaulizia kwa viongozi. Tarehe 2 Oktoba 1967 aliapishwa Washington, mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Mwaka huo huo Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara, na Wahindi wasiokuwa raia wakaanza kufungasha kwenda Uingereza.

Chini ya nyumba yetu palikuwa na duka la vitambaa. Nyanya anasema mapema mwaka 1968 lilifungwa kwa juma moja, na shoga yake, binti wa mwenye duka, alimwachia mkasi.

Marshall alistaafu mwaka 1991, akafariki tarehe 24 Januari 1993, akiwa na umri wa miaka 84.

Juzi nilimsomea nyanya makala haya. Alinisimamisha pale pa mali na fidia, akauliza kama duka la chini nalo lilikuwamo katika maandishi ya yule wakili. Nikamweleza habari ya raia na wasio raia. Hakunijibu. Alikuwa akikata kitambaa cha kanzu, kwa mkasi ule ule.