Bruce Lee: Gwiji wa mateke aliyezaliwa na mchekeshaji

MASHABIKI wa filamu za kung-fu mjini Bungoma, Kitale na katika vituo vya soko kama Bokoli, waliozoea kusongamana katika mabanda ya video, humkumbuka Bruce Lee kwa mateke na uso wa ghadhabu. Wachache wanajua kwamba babake, Lee Hoi-chuen, alikuwa mchekeshaji wa opera ya Kikantoni huko Hong Kong.

Lee alizaliwa Novemba 27, 1940 jijini San Francisco, Marekani, wazazi wake wakiwa katika ziara ya maonyesho, kisha akalelewa Hong Kong. Alifunzwa mtindo wa Wing Chun na mwalimu Ip Man. Mnamo 1958 alishinda ndondi za shule na pia ubingwa wa densi ya cha-cha. Si ajabu, basi, kwamba hata akipigana huonekana kana kwamba anacheza ngoma.

Mwaka 1970 aliumia mgongo akiinua vyuma. Madaktari walimwonya kuwa hangeweza kurusha mateke tena, naye akalala kitandani kwa miezi kadhaa. Mwaka uliofuata alitamba katika filamu ya The Big Boss.

Urithi wa babake ulijitokeza wazi katika The Way of the Dragon ya 1972, aliyoiandika na kuielekeza mwenyewe. Aliigiza mshamba aliyepotea jijini Roma, asiyejua lugha, akaagiza mkahawani bakuli kadhaa za supu bila kukusudia. Watazamaji wakiwa bado wanacheka, akapambana na Chuck Norris, bingwa halisi wa karate.

Mwaka huo huo alianza Game of Death, ambamo alikabiliana na mwanafunzi wake Kareem Abdul-Jabbar, nyota wa mpira wa vikapu mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Lee, akiwa amevalia suti ya manjano yenye mistari myeusi, alimfikia kifuani kwa shida. Hakuikamilisha kazi hiyo. Alifariki Julai 20, 1973 huko Hong Kong akiwa na umri wa miaka 32, na filamu ikatolewa 1978 kwa msaada wa waigizaji waliofanana naye.

Stephen Chow, aliyemhusudu Lee tangu utotoni, alitoa Shaolin Soccer mnamo 2001, kichekesho cha watawa wanaosakata kabumbu kwa kung-fu. Kipa wao amevaa manjano na mistari myeusi, nywele zimechanwa kama za Lee, na kila anapodaka mpira watazamaji huangua kicheko.