Juliasi Kaizari: Maisha Yake Kabla ya Tamthilia

Katika tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Julius Nyerere, unamkuta Kaizari amebakiza siku chache za kuishi. Ili uelewe kwa nini Brutus alimwogopa, rudi nyuma kidogo.

Kaizari alizaliwa Roma mwaka wa 100 K.K. katika ukoo wenye jina kubwa na mali kidogo. Alipanda vyeo kwa mikopo, na mwaka wa 59 akawa konsuli. Mwaka uliofuata alianza kutawala majimbo ya kaskazini, na kutoka huko akaivamia Gallia, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa ni Ufaransa.

Vita hivyo aliviandikia vitabu saba. Kilatini chake ni chepesi, nacho hakiko mbali nawe: kaulimbiu ya Shule ya Lenana, magharibi mwa Nairobi, ni ya Kilatini, na Seneti yetu inayoketi katikati ya jiji jina lake linatokana na senatus. Shika maneno machache. Bellum ni vita, flumen ni mto, pars ni sehemu, oppidum ni mji wenye ngome. Obses ni mtu anayetolewa kwa adui awe dhamana. Kwa maneno hayo unaweza kuifuata ramani yake ya Gallia: sehemu tatu, zilizotengwa na mito.

Neno la kuchunga ni pacare. Linatokana na pax, yaani amani, lakini Kaizari analitumia kwa nchi aliyoishinda kwa upanga. Anajitaja kwa jina lake, kana kwamba msimulizi ni mtu mwingine. Wahelvetii na washirika wao walipohama, anasema walikuwa 368,000. Waliorudi makwao ni 110,000. Huko Alesia, mwaka wa 52, raia waliofukuzwa mjini kwa njaa walimwomba awachukue hata kama watumwa. Alikataa. Vercingetorix, kiongozi wa Gallia, alijisalimisha, akafungwa miaka sita, kisha akauawa.

Mtihani ukikuuliza kuhusu tabia ya Kaizari, usimwone kama mzee mwenye majivuno tu.

Seneti ilipomwamuru avunje jeshi lake, alivuka mto Rubicon mwaka wa 49. Akashinda, na mapema mwaka wa 44 akafanywa dikteta wa maisha. Tarehe 15 Machi maseneta walimuua kwa visu kikaoni. Brutus alikuwa miongoni mwao, ingawa miaka minne awali alipigana upande wa maadui wa Kaizari, na Kaizari akamsamehe.