Al-Habib Saleh wa Lamu: Sharifu Aliyekaa na Wanyonge

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wa chama wameniamrisha niandike katika kijitabu hiki cha ukumbusho habari za mmoja katika watu wema waliotangulia, aliyeitumikia jamaa ya Waislamu na wala asiitupe nyumba yake. Nami nimemchagua Al-Habib Saleh bin Alawi Jamalil-Leil, Mwenyezi Mungu amrehemu. Pengine msomaji wa hapa Mururu atauliza: Lamu iko katika bahari ya Hindi, nasi tuko ukingoni mwa Ruzizi, yatuhusu nini? Jawabu lake atalipata mwishoni, inshallah.

KUZALIWA KWAKE NA KUFIKA LAMU

Al-Habib Saleh alizaliwa katika visiwa vya Ngazija, yapata mwaka 1853, katika kabila ya Masharifu wa Jamalil-Leil, ambao asili yao ni Hadhramaut. Akiwa kijana alifika Lamu, ambako walikuwako jamaa zake, na mwishowe akaufanya mji huo kuwa ndio mji wake mpaka kufa. Hapo alisoma kwa wanavyuoni wakubwa, na miongoni mwao alikuwa Sayyid Abubakar bin Abdulrahman, maarufu kwa jina la Sayyid Mansab, aliyefariki mwaka 1922, ambaye alikuwa mwanachuoni na mshairi, na ndiye aliyeifasiri Maulidi ya Barzanji kwa mashairi ya Kiswahili.

Basi kijana huyu alikuwa na nasaba, na alikuwa na elimu. Katika mji wa Lamu wa zama zile mambo mawili haya yalimtosha mtu kukaa mbele katika kila baraza. Lakini yeye aliifuata njia nyingine.

KUWASOMESHA WANYONGE

Hapana budi msomaji ajue hali ya Lamu ilivyokuwa. Watu walikuwa kwa daraja. Upande wa Mkomani zilisimama nyumba za mawe, na wenyewe walikuwa ni watu wa nasaba na mali. Upande wa Langoni walikaa wageni na maskini katika vibanda vya udongo na makuti. Na chini ya wote walikuwa watumwa na wana wa watumwa, maana utumwa haukufutwa kwa sheria katika pwani ya Kenya ila mwaka 1907. Elimu ya dini nayo ilikuwa imezifuata daraja hizo. Mtumwa alifundishwa kiasi cha kumwezesha kusali, na zaidi ya hapo mlango ulikuwa umefungwa. Wengi wa wakubwa walidhani ya kuwa kumpa mnyonge elimu ni kuuvunja mji.

Al-Habib Saleh hakupanda mimbari kuwatukana wakubwa hao. Alikwenda Langoni akakaa na wanyonge, akawatibu wagonjwa wao, akawafundisha wao na watoto wao, mtumwa na muungwana katika duara moja. Mahali pake pa kwanza pa kusomeshea palikuwa ni kibanda tu. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya ishirini, ukasimama pale msikiti wa mawe pamoja na chuo chake, ukaitwa Riyadha, kwa kufuata jina la msikiti wa Al-Habib Ali bin Muhammad Al-Habshi wa Seiyun, ambaye Al-Habib Saleh alihusiana naye kwa nyaraka na kumfuata katika njia yake.

Wakubwa wa mji walimlaumu sana. Walimwona kuwa ni Sharifu aliyejishusha, anayewatia kiburi watu wasiostahili. Na jambo lililozidisha lawama ni ile Maulidi ya Al-Habshi, ambayo aliieneza Lamu, ikisomwa kwa matari ndani ya msikiti. Wapo wanavyuoni waliolikataa jambo hilo kwa hoja zao, na hata leo wapo, nasi hatukuandika haya kwa kutaka kuimaliza hitilafu hiyo. Lakini iwapo watu watahitalifiana juu ya tari, hapana awezaye kukanusha tendo lililokuwa nyuma yake: ya kwamba watu waliokuwa wakiachwa mlangoni waliingizwa msikitini, wakakalishwa safu moja na wenzao, na wakapewa sauti ya kumsifu Mtume wao.

Matunda yake yakaonekana. Wanafunzi wa Riyadha walitoka wakaenda kusomesha katika visiwa vya Wabajuni na kwa Wapokomo wa Mto Tana, mahali ambapo wakubwa wa Lamu hawakuwa na haja ya kufika. Na chuo kikawapokea wanafunzi wa mbali, kikawapa makao.

NYUMBA YAKE

Wako watu wanaoitumikia jamaa huku watoto wao wamesahauliwa. Al-Habib Saleh hakuwa hivyo. Wanawe aliwalea katika kazi ileile na mahali palepale, wakasoma pamoja na watoto wa wanyonge, wakajua tangu udogo ya kuwa heshima ya Sharifu ni kuwatumikia watu. Kwa sababu hiyo, alipofariki mwaka 1936, akiwa na umri wa miaka themanini na zaidi, kazi haikufa pamoja naye. Mwanawe Sayyid Ahmad Badawi aliishika, kisha wajukuu wakaipokea. Na hata leo kila Mfunguo Sita watu humiminika Lamu kutoka nchi za Afrika ya Mashariki kwa Maulidi ya Riyadha, na katika siku hizo hulizuru kaburi lake. Mali aliyowarithisha wanawe ilikuwa ni watu.

YATUHUSU NINI SISI

Sasa nalijibu swali la mwanzo. Uislamu uliingia Rwanda kwa wafanya biashara na askari wenye kusema Kiswahili, katika zama za Wajerumani, na msikiti wa Nyamirambo, Kigali, ukajengwa mwaka 1913. Katika zama za Wabelgiji wazee wetu wengi waliwekwa katika mitaa ya peke yao, ikaitwa kambi za Waswahili. Shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi Mwislamu alikuwa baina ya mawili: mtoto asome kwa hatari ya kuiacha dini yake, au abaki na dini yake bila ya kusoma. Mwislamu alihesabiwa mgeni katika nchi aliyozaliwa. Basi sisi ni watu tunaojua kwa urithi maana ya kufungiwa mlango.

Na aliyefungiwa mlango jana asiufunge leo. Chama chetu kitazamwe kwa kipimo hiki. Mtoto asiye na ada amekaa katika duara la madrasa, au yuko dirishani? Aliyesilimu mwezi uliopita ana nafasi katika shauri letu, au huitwa siku ya kubeba mawe tu? Mtoto wa mfinyanzi, na mtoto wa mama avukaye Ruzizi kila alfajiri na kapu kichwani, tunayajua majina yao? Na sisi tunaokesha katika mikutano ya sadaka, watoto wetu wenyewe wanatuona tukiitoa, au wanasikia habari zake tu?

Al-Habib Saleh alianza kwa kibanda. Kibanda sisi tunacho, alhamdulillahi.

Mwenyezi Mungu amrehemu, azirehemu roho za wazee wetu waliotutangulia hapa Mururu na Rwanda yote, na atujaalie tuwe wenye kufungua milango. Amin.