Mzee Karume na nyumba zisizo na kodi

Kila mwaka unapokaribia kwisha, sisi wapangaji wa Kibenga huanza kukosa usingizi. Ndipo wenye nyumba wanapopita mlango kwa mlango kutangaza kodi mpya. Mwaka jana tulikaa kikao chini ya mwembe, tukashauriana tufanye nini. Mzee mmoja, mrejeaji kutoka Tanzania kama mimi, akasimama akasema dawa anaijua: manispaa ijenge majumba na watu wakae bure, kama alivyofanya Mzee Karume kule Unguja. Watu wakampigia makofi. Mimi nilinyamaza, maana majumba hayo nimewahi kuyaona kwa macho yangu.

Ndugu msomaji, nimeona vema nikusimulie habari za mtu huyu, kwani jina lake bado linatajwa katika vikao vyetu.

Hayati Abeid Amani Karume alizaliwa mwaka 1905. Shule hakuipata sana. Akiwa kijana aliingia ubaharia, akazunguka bandari nyingi za dunia. Aliporudi Unguja akawa kiongozi wa wenye mashua waliokuwa wakivusha abiria kati ya meli na nchi kavu. Ninyi mnaopitisha mizigo ziwani baina ya Bujumbura, Uvira na Kigoma mnaijua kazi hiyo. Nauli ya leo si faida yote. Humo kuna mafuta, kuna ushuru, na kuna akiba ya siku mashine itakapokufa katikati ya maji.

Kwao kulikuwa Ng'ambo, sehemu ya mji waliyokaa wanyonge, mkabala na Mji Mkongwe wenye majumba ya mawe. Huko Ng'ambo mtu aliweza kujenga kibanda chake cha udongo, lakini kiwanja kilikuwa cha mwingine, na kila mwezi kilidaiwa kodi. Mwaka 1928 wakazi walichoka, wakagoma kulipa kodi ya viwanja. Kwa hiyo suala la kodi lilikuwa moto katika mitaa hiyo miaka mingi kabla ya siasa za vyama.

Vyama vilipokuja, Karume alikuwa mbele. Februari 1957 kiliundwa chama cha Afro-Shirazi, naye akawa kiongozi wake. Julai mwaka huo huo aligombea kiti cha Ng'ambo, akamshinda Ali Muhsin, msomi na mwanasiasa mkubwa wa upande wa pili. Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, ambayo yalimwaga damu ya watu wengi, hasa wenye asili ya Kiarabu. Karume akawa Rais wa Zanzibar. Tarehe 26 Aprili mwaka huo Zanzibar ikaungana na Tanganyika, naye akawa pia Makamu wa Kwanza wa Rais wa Muungano.

Hakukawia. Ardhi yote ikawa mali ya serikali, na wakulima wakagawiwa eka tatu tatu. Majumba mengi ya Mji Mkongwe yalitaifishwa, familia kutoka Ng'ambo zikahamia humo. Kisha, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yakaanza kujengwa majumba ya ghorofa, kwanza Kikwajuni, halafu Michenzani, ambako mengine yana urefu wa karibu mita 300. Hakuisahau shamba wala Pemba: Makunduchi, Wete, Chake Chake na Mkoani nako yalijengwa. Fedha ilitoka kwenye karafuu, ambayo serikali iliinunua kwa mkulima kwa bei ndogo na kuiuza nje kwa bei kubwa. Nguvu ilitoka kwa wananchi wenyewe, walioitwa kwenda kujenga taifa.

Waliobomolewa vibanda vyao walipewa fleti bila kulipa kodi. Hebu fikiri mama aliyezaliwa katika nyumba ya udongo, ambaye wazazi wake waligombana na mwenye kiwanja maisha yao yote, anakabidhiwa ufunguo wa nyumba ya saruji yenye choo ndani. Siwezi kuidharau siku hiyo. Anayemsifu Karume chini ya mwembe wetu ana haki ya kumsifu.

Lakini historia tuieleze yote. Uchaguzi wa viongozi wa Zanzibar yenyewe haukufanyika wakati wa utawala wake. Wapinzani, hata baadhi ya waliokuwa wenzake kama Kassim Hanga na Othman Shariff, waliuawa mwaka 1969. Mwaka 1970 wasichana wenye asili ya Kiajemi waliozeshwa kwa nguvu. Hazina ilikuwa na akiba ya fedha za kigeni, huku madukani mchele na sukari vikipatikana kwa shida. Bajeti ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Hakuna baraza lililoweza kumuuliza kwa uhuru: Mzee, baada ya miaka ishirini paa hili litatengenezwa kwa fedha ipi?

Tarehe 7 Aprili 1972 alipigwa risasi akiwa makao makuu ya chama, Kisiwandui, akiburudika na wenzake kwa mchezo wa bao. Akafa, akazikwa hapo hapo. Aboud Jumbe akashika nafasi yake na ujenzi wa Michenzani ukaendelea.

Siku 22 baadaye, tarehe 29 Aprili, hapa kwetu Burundi kukaanza balaa lililowakimbiza wazazi wangu hadi Tanzania. Nilizaliwa na kusomeshwa huko Katumba, karibu na Mpanda. Kodi ya nyumba sikuijua, kwani baba alijenga mwenyewe. Hata hivyo paa la nyasi lilitudai. Kila lilipochakaa tulikata nyasi mpya, la sivyo masika yangetunyeshea kitandani.

Nilipofika Unguja nikiwa mwanafunzi wa ualimu, nililikumbuka paa lile. Pale Michenzani niliona kuta zilizovuja na akina mama wakipandisha ndoo za maji kwa ngazi. Katika Mji Mkongwe baadhi ya majumba yaliyotaifishwa yalikuwa yameanguka. Wapangaji walikuwa wametoa kidogo sana au hawakutoa chochote, na serikali, bei ya karafuu ilipoporomoka, haikuwa na cha kutengenezea. Mwaka 2014 Zanzibar ilitunga sheria ya kuanzisha Shirika la Nyumba, ili majumba hayo yawe na msimamizi.

Basi hesabu yenyewe ni hii. Tuseme komini ina nyumba 20, na bati la kila nyumba linadumu miaka 20. Maana yake kila mwaka kuna paa moja la kubadilisha. Kila mpangaji akichanga sehemu moja ya ishirini ya gharama ya paa hilo, hakuna atakayenyeshewa. Ongeza rangi, mabomba, choo na mlinzi, kisha gawanya kwa miezi 12. Hiyo ndiyo kodi ya haki. Inayozidi hapo ni faida, na mpangaji ana haki ya kuuliza inakwenda wapi. Inayopungua hapo ni deni ambalo watoto watalilipa. Mjane akisamehewa, na asamehewe, lakini iandikwe kwenye bajeti ni nani anayelipa sehemu yake.

Hata Ngagara, ambako hadi leo tunapaita OCAF kwa jina la ofisi ya Wabelgiji iliyojenga huko miaka ya 1950, nyumba hazikujitunza zenyewe.

Kikao kilichofuata niliyasema haya. Mzee yule alinisikiliza, akatikisa kichwa, akaniuliza kama nataka kodi ipande. Nikamjibu hapana, baba. Nataka manispaa ijenge kama Karume, lakini kila mwaka daftari lifunguliwe mbele ya wapangaji, tuone kilichoingia na kilichotoka, kabla ya mtu yeyote kutangaza bei. Safari hii makofi yalikuwa machache. Lakini mzee alinisogezea kiti, tukaanza kuandika pamoja gharama za paa moja.