Maisha ya Felix Wankel, Mtu wa Injini ya Kuzunguka

Kila kijana wa pwani yetu, toka Palma mpaka Mocímboa da Praia, amepata kumwona nahodha wa boti ya mashine akigeuza shingo kutazama maji membamba yanayoruka nyuma. Maji yale yakikatika, mashine haipozwi tena, na haichukui muda itaungua. Basi leo nataka kuwasimulia wenzangu, na ninyi kaka zetu mliokwisha kuondoka shuleni, habari za mtu ambaye injini yake ilisumbuliwa na joto tangu siku ya kwanza.

Felix Wankel alizaliwa tarehe 13 Agosti, 1902, katika mji wa Lahr, Ujerumani. Baba yake alikuwa mtumishi wa idara ya misitu, akauawa vitani mwaka 1914, na mtoto akabaki na mama yake. Macho yake hayakuona mbali, hata hakupata leseni ya kuendesha motokaa maisha yake yote. Mwaka 1921 aliacha shule bila cheti cha kumwingiza chuo kikuu, akaajiriwa na wachapaji wa vitabu mjini Heidelberg.

Lakini tangu umri wa miaka 17 alikuwa na wazo moja. Katika injini ya kawaida pistoni hupanda, husimama, hushuka, maelfu ya mara kwa dakika, na kwa hiyo injini hutetemeka. Wankel alitaka injini izunguke tu, kama jiwe la kusagia. Mwaka 1924 alifungua karakana ndogo, akajifundisha mwenyewe kwa vitabu na kwa mikono, na mwaka 1929 akapata hati ya kwanza ya uvumbuzi wake.

Hapa sina budi kusema jambo lisilopendeza. Wankel aliingia katika chama cha Hitler tangu ujana wake. Mwaka 1933 alifungwa miezi kadhaa kwa sababu ya ugomvi na mkuu wa chama wa jimbo lake, lakini hakujifunza. Baadaye serikali ile ile ilimpa karakana huko Lindau, akatengeneza vali za kuzunguka za injini za ndege za vita, na kwa muda alikuwa na cheo katika kikosi cha SS. Vita vilipokwisha mwaka 1945 Wafaransa walimtia kifungoni na karakana yake ikavunjwa. Akawa hana kitu.

Alianza upya. Mwaka 1951 alipatana na kampuni ya NSU, na mwezi wa Februari 1957 injini yake ya kwanza ikanguruma. Katika injini ile rota na nyumba yake vilizunguka vyote viwili. Mhandisi mwenziwe, Hanns Dieter Paschke, aliibadili ili nyumba isimame na rota peke yake izunguke. Wankel hakupendezwa hata kidogo, lakini injini iliyoenea duniani ni ile ya Paschke.

Fikirini sambusa yenye pembe tatu na mbavu zilizovimba, inazunguka ndani ya chumba chenye umbo la ganda la karanga. Hiyo ndiyo rota. Kila pembe ina sili nyembamba inayosugua ukuta ili moto usivuje. Kazi ilikuwa hapo. Sili zilikwaruza ukuta, na motokaa za NSU Ro 80, zilizotoka mwaka 1967, zilirudishwa karakana nyingi mno, hasara ikawa kubwa. Huko Hiroshima, Kenichi Yamamoto na wenzake wa Mazda walihangaika miaka kadhaa mpaka wakapata sili ya kufaa. Mwaka 1991 motokaa yao ya injini hii ilishinda mashindano ya Le Mans.

Ubaya wa pili ni joto. Moto huwaka upande mmoja siku zote, na upande wa pili hupoa kwa hewa inayoingia, basi nyumba ya injini hupata joto kwa upande. Oili nayo hubeba karibu theluthi ya joto linalopaswa kuondolewa. Wako watu, hasa Marekani, wanaojitengenezea ndege ndogo katika banda la nyumbani, na baadhi yao hutia injini ya Mazda kwa kuwa ni nyepesi na haina vali wala fimbo za pistoni. Hao huona taabu hii waziwazi: lazima rejeta ya maji na kipozeo cha oili vyote viwe vikubwa, navyo vikae penye upepo. Wakiongeza turbo ili injini ipate hewa ya kutosha huko juu hewa inakopungua, nguvu huzidi na joto huzidi pia, maana moshi wa injini hii ni mkali kuliko wa injini ya pistoni.

Taabu hii si ngeni pwani yetu. Mwishoni mwa 1914 rubani Cutler, aliyetafuta manowari ya Wajerumani katika delta ya Rufiji, aliharibikiwa na rejeta ya ndege yake, ikabidi itafutwe ya motokaa ya Ford kutoka Mombasa.

Mwaka 1971 Wankel aliuza haki zake kwa Lonrho, kampuni ile iliyojenga bomba la mafuta la Beira, kwa mark milioni 100. Alifariki Heidelberg tarehe 9 Oktoba, 1988. Aliyeacha shule bila cheti alikuwa amepewa udaktari wa heshima na chuo kikuu cha ufundi cha Munich mwaka 1969.

Wenzangu, mwaka huu wako miongoni mwetu watakaotoka bila cheti. Nao wajue kwamba mlango haujafungwa. Lakini tumtazame mtu huyu mzima. Bidii yake tuiige. Kumtumikia kila bwana mradi atupe karakana, hilo tusiliige.