Richard St. Barbe Baker: mtu aliyefanya agano kwa ajili ya miti



Anayesafiri kutoka Butembo kuelekea Lubero huona vilima vilivyovaa kalitusi toka bondeni hadi kileleni. Hatuzilaumu kalitusi. Zimetupa mbao, nguzo za nyumba na makala ya kupikia. Lakini si miti ya asili yetu. Miti ambayo babu zetu waliijua kwa majina, waliyoitegemea kwa dawa, kwa mizinga ya nyuki na kwa kivuli cha mikutano, leo vijana wengi wa makanisa yetu hawawezi kuitaja hata mitatu. Ndiyo maana tumeona vema kusimulia maisha ya mtu aliyejifunza katika nchi ya Kenya kwamba msitu wa asili hauokolewi kwa amri peke yake.

Richard St. Barbe Baker alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1889 huko Hampshire, kusini mwa Uingereza, katika familia ya Kikristo. Baba yake alikuwa na kitalu cha miche, hivyo tangu utotoni mikono ya Richard ilizoea udongo na mizizi. Mwaka 1909, akiwa kijana, alivuka bahari kwenda Kanada, katika jimbo la Saskatchewan. Nia yake ilikuwa kumtumikia Mungu, na alisoma katika mji wa Saskatoon.

Huko Kanada aliona mambo mawili ambayo hakuyasahau. Kwanza, wakulima wapya walikuwa wameng'oa vichaka na kulima tambarare zote, na upepo ulipokuja ukauinua udongo mzuri na kuupeleka mbali. Pili, alifanya kazi katika kambi ya wakata mbao, akaona miti mikubwa ikiangushwa kwa fujo na sehemu kubwa ikiachwa ioze. Moyo wake ukachomwa. Alirudi Uingereza akaendelea na masomo ya theolojia Cambridge, kisha vita kuu ya kwanza ikamkamata akiwa askari. Vita vilipokwisha hakuenda madhabahuni. Alisomea misitu, na mwaka 1920 akatumwa Kenya kuwa afisa msaidizi wa misitu katika serikali ya kikoloni.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Nyanda za juu za Kenya zilikuwa na misitu ya ajabu: mierezi ya Kiafrika, mizeituni ya porini, mipodo, mwiri na mikuyu mikubwa. Wakikuyu walikuwa na desturi ya kufyeka kipande cha msitu, kulima mahindi na maharagwe kwa miaka kadhaa, kisha kukiacha na kuhamia kwingine, na msitu ukarudi wenyewe. Desturi hiyo haikuwa mbaya pale nchi ilipokuwa pana. Lakini walowezi walikuwa wamechukua ardhi nyingi, viwanda vya mbao vilikata bila kuchoka, na treni za reli ya Uganda zilikula kuni mchana na usiku. Wenyeji walibanwa mahali padogo, na msitu ukakosa muda wa kurudi. Kumlaumu mkulima peke yake kungekuwa ni kumwonea.

Baker alianzisha kitalu cha miche ya asili, ingawa fedha za serikali zilikuwa kidogo. Lakini alijua kwamba afisa mmoja na kitalu chake hawawezi kuuvika mlima mzima. Akawaendea wazee na machifu akawaomba watu wapande miti. Jibu la wazee lilikuwa kwamba kupanda miti ni shauri la Mungu. Tangu zamani miti huota yenyewe kutoka kwa miti mama iliyotangulia. Jibu hilo halikuwa la kipumbavu. Ndivyo msitu unavyofanya kazi: mti mkubwa huangusha mbegu, ndege na nyani huzitawanya, na miche huota chini ya kivuli. Baker aliwaonyesha kwamba miti mama yenyewe ilikuwa inakwisha. Mama akikatwa, mbegu itatoka wapi?

Ndipo alipofanya jambo ambalo maafisa wengi hawakulifikiria. Badala ya kuandika sheria mpya na adhabu yake, alitazama jinsi watu wenyewe wanavyoheshimu mambo makubwa. Aliona kwamba Wakikuyu walikuwa na ngoma ya kupanda maharagwe na ngoma ya mavuno. Kwa nini basi kusiwe na ngoma ya miti? Alishauriana na chifu Josiah Njonjo, na tarehe 22 Julai 1922, huko Muguga karibu na Nairobi, vijana wapiganaji wapata elfu tatu walikusanyika wakiwa wamejipamba. Kati yao wakachaguliwa wa kwanza 50. Kila mmoja aliahidi mbele za Ngai, Mungu Mkuu wa Wakikuyu, kulinda msitu wa asili, kupanda miti 10 ya asili kila mwaka, na kuitunza miti popote ilipo. Chama chao kikapewa jina la Kiswahili, Watu wa Miti.

Tuone vizuri kilichotendeka pale. Ahadi ile haikuwa ya kupanda mti wo wote unaokua haraka. Ilitaja miti ya asili, na ilianza na kulinda kabla ya kupanda. Nayo ilitolewa mbele za Mungu na mbele za jamii, hivyo aliyeivunja hakuwa na kosa kwa mzungu wa misitu, alikuwa na kosa kwa watu wake. Sisi watu wa kanisa tunalijua neno la jambo kama hilo. Ni agano.

Kazi yake katika serikali ya kikoloni haikuwa ya amani siku zote. Inasimuliwa kwamba afisa mmoja alipoinua mkono kumpiga mfanyakazi Mwafrika, Baker aliingia katikati na kulipokea pigo hilo mwilini mwake. Wakubwa wake hawakumpenda kwa tabia ya namna hiyo. Baada ya Kenya alifanya kazi Nigeria, katika misitu ya mikangazi ya kusini, na mwishoni mwa miaka ya 1920 akaacha utumishi wa serikali.

Kuanzia hapo dunia ikawa shamba lake. Chama cha Watu wa Miti kilikuwa kimeanzishwa Uingereza mwaka 1924, nacho kikaenea nchi nyingi. Alisaidia kukusanya fedha ili misitu ya California yenye miti inayopita mita 100 kwa urefu isikatwe. Mwaka 1952 aliongoza safari ya kuvuka Sahara, kuona jinsi jangwa linavyosogea na jinsi miti inavyoweza kulizuia. Alifariki tarehe 9 Juni 1982 huko Saskatoon, akiwa na umri wa miaka 92, siku chache tu baada ya kupanda mti wake wa mwisho.

Hatutaficha jambo moja. Baker, aliyeanza akiwa mwanafunzi wa theolojia, baadaye alijiunga na imani ya Kibahai. Katika hilo hatuendi naye njia moja. Lakini linatuuliza swali gumu: ikiwa mtu aliyeiacha njia yetu aliwafanya wapiganaji waahidi mbele za Mungu kulinda miti, sisi tunaosoma katika Mwanzo kwamba mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, tumeahidi nini?

Tuchukue mfano wa mwiri, mti uleule wa nyanda za Kenya, ambao pia ni wa milima yetu ya Kivu. Gome lake linanunuliwa na kusafirishwa hadi Ulaya kutengeneza dawa ya ugonjwa wa tezi ya wanaume wazee. Tangu mwaka 1995 umewekwa chini ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Mchunaji mwenye subira huchuna pande mbili tu zinazotazamana, akaacha pande nyingine zipitishe chakula cha mti, naye hurudi baada ya miaka. Mwenye njaa au pupa huchuna mzunguko mzima, au huangusha mti wote. Mti uliochunwa mzunguko hufa umesimama, na mbegu zake hufa pamoja nao. Tunajua kwamba kati ya wachunaji wapo washirika wetu, na tunajua pia kwamba vita na kukimbia-kimbia vimewanyima watu mashamba. Kwa hiyo hatusemi nao kwa fimbo. Baker hakuenda na fimbo.

Lakini kanisa linaweza kufanya yale wazee wa Muguga walifanya. Kila parokia ina uwanja, na nyingi zina shamba. Wazee wa kanisa na wamama waitwe, waulizwe miti ya asili iliyosalia kijijini iko wapi, na ile iliyo mikubwa ihesabiwe kuwa miti mama, isiguswe. Mbegu zake ziokotwe na vijana. Mbegu za mwiri hazipendi kukaa ghalani, zipandwe kitaluni mapema zikiwa bado mbichi. Kando ya chemchemi tusiweke kalitusi, maana hunywa maji mengi. Hapo ndipo mahali pa miti ya asili. Kalitusi na zibaki kwenye vipande vya kuni na mbao, ili mtu asilazimike kuingia msituni kutafuta makala.

Na siku ya kupanda isiwe siku ya kazi tu. Tuna sikukuu ya mavuno, tuna ubatizo, tuna ndoa, tuna kwaya zinazojua kuimba hadi jioni. Kijana anayebatizwa na apande mti wa asili, jina lake liandikwe katika daftari la kanisa pamoja na jina la mti, na mwaka unaofuata mchungaji amuulize hali ya wote wawili.

Mwiri unaopandwa leo hautatupa gome kesho. Wengi wetu hatutaketi chini ya kivuli chake. Watakaoketi ni watoto wa hao tunaowabatiza sasa.