Wasil bin Ata: Khatibu aliyeikwepa herufi moja

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyemfunza mwanadamu kubainisha. Ijumaa hii tumeona tumkumbuke khatibu mmoja wa zama za Bani Umayya, ili tupate funzo kuhusu watoto wetu wenye taabu ya matamshi.

Wasil bin Ata alizaliwa Madina mwaka 80 Hijria, akaishi Basra, Iraq, na kuhudhuria darsa za Hasan al-Basri. Baadaye alijitenga naye na kuasisi Mu'tazila, na wanazuoni wa Ahlus-Sunna wameyapinga mafundisho yake. Hayo yana mahali pake. Leo tunauangalia ulimi wake.

Wasil hakuweza kuitamka herufi ra. Kwa mtu wa hotuba na mijadala, hii ilikuwa taabu kubwa, kwani ra imeenea mno katika Kiarabu. Akaamua kuiacha kabisa. Ngano aliiita qamh badala ya burr; kipofu alimwita a'ma badala ya dharir. Mbele ya Abdullah bin Umar bin Abdul-Aziz, gavana wa Iraq, alitoa hotuba isiyo na ra hata moja. Sura aliyoisoma humo ni Al-Ikhlas, ambayo haina herufi hiyo.

Alifariki mwaka 131 Hijria (748). Baadaye Al-Jahiz, naye mtu wa Basra, aliziandika habari zake, akataja na herufi nne zinazoingiwa na kithembe: qaf, sin, lam na ra.

Wataalamu wa leo hutofautisha mambo mawili. Yuko ambaye maneno anayo tele, ila sauti fulani haimtoki sawasawa; huyo ndiye Wasil. Yuko mwingine ambaye sauti humtoka vyema, lakini huona uzito kuelewa anayoambiwa au kuunga sentensi. Wote wawili wanaweza kuwa na akili timamu, na kila mmoja anahitaji msaada wa namna yake.

Wasil alisitirika kwa wingi wa maneno yake. Mtoto wa chuoni hana hazina hiyo. Akichekwa hukimbilia kunyamaza, nasi tukadhani ni mzito wa kufahamu. Tunawanasihi wazazi na walimu wa madrasa: tusimcheke wala kumchapa. Tumsikilize hadi amalize, na umri ukienda bila nafuu, tumpeleke hospitali apimwe masikio na matamshi.

Wallahu a'lam.